Paka wa Nyumba Haingwa

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba paka wa nyumba haingwa. Nimeifundisha darasani kwa miaka mingi. Niliwaeleza watoto kwamba kuinga ni kufukuza, kama mkulima aingavyo ndege shambani, na kwamba aliye wa nyumbani hafukuzwi kama mgeni, hata akikosea. Watoto waliandika maelezo hayo katika madaftari yao, wakayarudisha katika mtihani, nami nikawapa alama. Lakini maana yenyewe, ndugu msomaji, nilikuwa sijaijua sawasawa. Nimekuja kuijua nikiwa na umri wa miaka 74, baada ya kustaafu ualimu mkuu, na walionifundisha ni watoto wawili wa paka.

Waliingia nyumbani kwangu hapa Tanga wakiwa ndani ya boksi la sabuni. Mjukuu wangu wa kike, mwenye umri wa miaka 11, alipewa na mama mmoja auzaye nafaka sokoni. Nilikuwa nimelalamika kwamba panya wanatoboa gunia la mahindi na kuguguna pembe za madaftari yangu ya zamani, naye akaona ameniletea dawa. Mmoja alikuwa mweupe, tukamwita Chaki. Wa pili alikuwa mweusi, tukamwita Wino. Walikuwa na umri wa wiki 8 hivi. Nilitoa sharti moja tu, kwamba wasitoke nje mpaka wakomae, kwa sababu nyumba yangu imepakana na barabara ya malori, na majirani huweka sumu ya panya. Paka wetu wa kwanza alikufa kwa sumu hiyo, ingawa hakuna aliyemkusudia yeye.

Basi milango ikafungwa, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Katika mwezi wa kwanza walipanda chandarua mpaka juu wakakipasua mahali pawili. Walining'inia kwenye pazia la sebuleni. Waliangusha glasi tatu, kikombe kimoja na saa ya mezani. Alfajiri, kabla ya muadhini hajaadhini, walikuwa wakikimbizana kutoka jikoni hadi chumbani kwangu na kupita juu ya tumbo la mzee aliyelala. Hayo yote niliyavumilia. Kisha siku moja nilirudi kutoka sokoni nikamkuta Wino sakafuni amejiviringisha uzi mweupe. Alikuwa amekifumua kitambaa cha kochi.

Vitambaa hivyo vilikuwa sita. Marehemu mke wangu alivifuma kwa mkono mwaka 1979, tulipopata makochi yetu ya kwanza. Kimoja sasa kilikuwa kimebaki nusu. Sikufikiri. Nilichukua rula ya mbao iliyokuwa juu ya kabati, nikampiga Wino mara mbili. Alikimbilia chini ya kabati, akakaa huko bila kula mpaka jioni ya siku ya pili.

Mjukuu wangu hakulia wala hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Babu, ulimweleza kosa lake kwanza?"

Nilijua swali hilo lilikotoka. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemsimulia mara nyingi kwamba tulipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kuwa mtoto haadhibiwi kabla hajaelezwa kosa lake akalielewa. Sikuwa na jibu. Nami ni mtu niliyezoea kwamba jambo nisilolijua nalitafuta kitabuni. Nikaanza kusoma habari za paka, na kile nilichodhani kingekuwa kitu cha kunipitishia siku mbili kimenichukua mwaka mzima. Yafuatayo ni niliyoyapata, nikitafuta kosa la Wino.

Mwanzo wa paka wa nyumbani ni ghala. Watu walipoacha kuhamahama wakaanza kulima ngano na shayiri katika nchi za Mashariki ya Kati, miaka ipatayo 10,000 iliyopita, walianza pia kuweka akiba. Penye akiba pana panya, na penye panya akaja paka wa porini. Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa chembe za urithi uliolinganisha paka wa nyumbani na paka wa pori wa sehemu mbalimbali za dunia. Waligundua kwamba wote hawa wanaolala kwenye makochi yetu wanatokana na aina moja, yule paka wa pori wa Afrika na Mashariki ya Kati. Ndugu zake wanaishi mpaka leo katika mapori yetu, nasi Waswahili tunawaita kimburu.

Tazama sasa tofauti yake na wanyama wengine. Ng'ombe, mbuzi na punda tuliwafuata sisi, tukawafunga kamba, tukawatumikisha. Paka hatukumfuata. Alikuja kwa hiari yake kufanya kazi aliyokwisha kuijua, na binadamu alipoona faida akamwacha. Hakuna aliyemfundisha kuvizia, kuruka wala kushika. Alikuja nayo yote, na kwa sababu kazi hiyo hiyo ndiyo iliyompa nafasi, hatukuwa na haja ya kuibadili.

Ushahidi wa zamani wa urafiki huo umepatikana katika kisiwa cha Kupro, mahali paitwapo Shillourokambos. Mwaka 2004 wataalamu wa mambo ya kale kutoka Ufaransa, wakiongozwa na Jean-Denis Vigne, walitangaza habari za kaburi lenye umri wa miaka ipatayo 9,500. Alizikwa mtu, na karibu naye, umbali wa sentimita 40 hivi, amezikwa paka mzima, hakukatwa wala hakuliwa. Kupro hakukuwa na paka wa asili. Ilikuwa lazima aliyemleta avuke bahari pamoja naye. Na umri wa paka yule ulikadiriwa kuwa miezi 8 tu. Nilipolisoma hilo nilimtazama Wino, nikafikiri kwamba labda yule naye alikuwa akimfumulia mtu mkeka wake.

Katika Misri ya kale mapenzi kwa paka yalifika mbali mno. Walikuwa na mungu wa kike aitwaye Bastet, mwenye kichwa cha paka, na mji wake uliitwa Bubastis. Herodotus, Mgiriki aliyeandika katika karne ya 5 kabla ya Kristo, anasimulia kwamba paka akifa ndani ya nyumba, wenye nyumba walinyoa nyusi zao kwa msiba. Diodorus, mwandishi mwingine aliyefika Misri karne ya mwisho kabla ya Kristo, alishuhudia Mrumi akiuawa na umati kwa sababu aliua paka, na hata hofu waliyokuwa nayo watu juu ya dola ya Rumi haikumsaidia.

Hata hivyo heshima hiyo ilikuwa na upande wa pili. Wamisri walikausha maiti za paka kwa maelfu na kuzitoa nadhiri kwenye mahekalu. Maiti hizo zilipopigwa picha za eksirei katika zama zetu, ilionekana kwamba nyingi ni za paka wachanga, wenye umri wa miezi michache, na wengi wao walikuwa wamevunjwa shingo. Walizalishwa ili wauzwe kwa wenye nadhiri. Na mwaka 1890 shehena ya tani zipatazo 19 za maiti hizo, zinazokadiriwa kuwa za paka 180,000, ilipelekwa Liverpool, Uingereza, ikauzwa kwa mnada ili isagwe kuwa mbolea. Kwa hiyo kumtukuza mnyama si lazima iwe ni kumjua. Mtu anaweza kumnyolea nyusi na bado asifahamu anachohitaji.

Sasa nirudi kwetu pwani. Merezi ya pepo za kaskazi na kusi ilipoleta majahazi, haikuleta vitambaa na vyungu peke yake. Katika uchimbaji uliofanywa Unguja Ukuu, mji wa biashara uliokuwa ukistawi tangu karne ya 7 na ya 8, imepatikana mifupa ya panya weusi, nao ni wageni waliokuja kwa vyombo vya baharini kutoka upande wa Asia. Panya wakisafiri na shehena, paka naye hana budi awemo chomboni. Mabaharia wa kila taifa walimchukua kulinda nafaka, kamba na matanga. Leo ukifika Lamu, ambayo mji wake wa kale uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, utawakuta paka wembamba wenye miguu mirefu wamejipanga sokoni na ufukoni wakingoja wavuvi. Hawana mwenyewe mmoja. Ni wa mji.

Mwalimu wa madrasa aliye jirani yangu alinikumbusha mambo mawili. La kwanza ni kwamba Abu Huraira, sahaba aliyepokea hadithi nyingi kuliko wengine, jina lake hilo ni la kupanga, na maana yake ni baba wa kipaka, kwa sababu ya mapenzi yake kwa mtoto wa paka. La pili ni hadithi mashuhuri iliyomo katika vitabu vya Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Kosa lake halikuwa kumpiga. Alimfungia ndani, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie chakula ardhini. Nilimsikiliza jirani yangu kwa makini, kwa maana na mimi nilikuwa nimefunga milango. Kweli niliwalisha. Lakini je, chakula cha tumbo ndicho pekee nilichowanyima kukitafuta?

Nilipokuwa mtoto hakuna aliyefunga paka ndani. Nyumba zetu zilikuwa na ua, zikiwa na makuti juu na upenyo chini ya dari. Paka aliingia wakati wa kula, akalala karibu na mafiga, usiku akaenda zake. Alichana makucha yake kwenye mnazi, na haja yake aliifukia mchangani. Hatukujua kwamba paka anahitaji mti na mchanga, kwa sababu mti na mchanga vilikuwapo. Kitu kilichopo daima hakionekani.

Huko Ulaya nako paka aliachiwa njia yake. Katika kanisa kuu la Exeter, Uingereza, hesabu za matumizi za karne ya 14 na ya 15 zinaonyesha peni moja kwa wiki iliyotengwa kwa ajili ya paka, na mwaka 1598 askofu wa hapo alilipa mafundi wa mbao wakate tundu chini ya mlango ili paka apite kuwafuata panya. Tundu hilo lipo hadi leo. Lakini pale paka alipokutana na karatasi usiku, mambo yalikuwa kama kwangu. Mwaka 1445 hivi, karani mmoja wa Dubrovnik, bandari ya bahari ya Adria, aliandika kumbukumbu za serikali ya mji, na paka akapita juu ya ukurasa akiwa na wino miguuni. Nyayo nne zimebaki. Mwanahistoria Emir Filipović alizikuta mwaka 2011 alipokuwa akipekua majalada.

Wa Deventer, nchini Uholanzi, alipatwa na makubwa zaidi. Yapata mwaka 1420, mwandishi mmoja wa huko alikuta asubuhi ukurasa wake umekojolewa na paka. Aliacha pale palipoharibika bila kuandika, akachora paka na vidole vinavyoonyesha doa, akamlaani yule paka kwa Kilatini pamoja na paka wengine wote. Kisha, baada ya laana, akaongeza onyo kwa watakaomfuata, kwamba wasiache vitabu wazi usiku mahali paka wanapoweza kufika.

Onyo hilo nililisoma mara nyingi. Mtu yule alianza kwa hasira kama mimi. Lakini alipomaliza kulaani, kalamu yake yenyewe ilimpeleka kwenye ukweli. Paka hakuambiwa lolote. Aliyeambiwa ni mwenye kitabu.

Jambo lililogeuza maisha ya paka ndani ya nyumba ni la juzi tu, nalo ni la bahati. Mwezi wa Januari 1947, katika mji mdogo wa Cassopolis, jimbo la Michigan, Marekani, jirani mmoja alimwendea kijana Edward Lowe kumwomba mchanga wa paka wake, kwa maana wake ulikuwa umeganda kwa baridi. Jirani huyo alikuwa akitumia majivu, na paka alikuwa akiyakanyaga na kuyaeneza nyumba nzima. Familia ya Lowe ilikuwa ikiuza udongo mkavu wa kunyonya mafuta yaliyomwagika viwandani. Akampa udongo huo. Ulinyonya mkojo, ukaua harufu, wala haukuacha alama za miguu. Jirani akarudi kutaka mwingine. Lowe akajaza mifuko kumi ya ratili 5 kila mmoja, akapanga bei ya senti 65 za Marekani, wakati ambapo mchanga ulikuwa karibu wa bure. Mifuko ikaisha. Lowe alikufa mwaka 1995 akiwa tajiri mkubwa.

Kabla ya udongo ule paka ilimlazimu atoke nje, japo kwa haja. Baada yake mlango uliweza kufungwa moja kwa moja. Katika majiji ya Marekani na kwingineko wapo paka wengi wanaozaliwa, wanakua na kufa bila kukanyaga ardhi. Wameepushwa na magari, magonjwa na mbwa, nao huishi miaka mingi zaidi, na ndege wa bustanini wamesalimika. Faida hizo si ndogo. Lakini aliyefunga mlango alifikiria haja ya paka, akasahau mnazi. Na paka asiye na mnazi huchana kochi.

Kuchana si ukorofi. Paka anapochana hubambua ganda la nje la ukucha uliochakaa, hunyoosha misuli ya mgongo, na huacha harufu inayotoka katika nyayo zake, kana kwamba anatia saini. Wenye makochi hawakuuliza hayo. Katika karne ya 20 ilizuka desturi nchini Marekani ya kumpeleka paka kwa daktari akaondolewe makucha. Jina la upasuaji huo linamdanganya mtu afikiri ni kama kukata kucha. Kumbe kinachokatwa ni pingili nzima ya mwisho ya kila kidole. Uingereza iliupiga marufuku kwa sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006, na New York ikawa jimbo la kwanza la Marekani kufanya hivyo mwaka 2019. Ilichukua zaidi ya nusu karne kufahamu kwamba kochi halilindwi kwa kumkata mnyama vidole.

Na ile michezo yao ya kichaa? Hiyo nayo ina historia yake. Mwaka 1894 Mfaransa Étienne-Jules Marey alimwangusha paka chali mbele ya kamera iliyopiga picha nyingi mfululizo, akaonyesha jinsi anavyojipindua hewani, sehemu ya mbele kwanza kisha ya nyuma, hata akatua kwa miguu minne. Uwezo huo mtoto wa paka huukamilisha akiwa na umri wa wiki 6 au 7. Baada ya hapo hufuata miezi ya kuruka, kuvizia na kukamatana, hasa mwezi wa tatu na wa nne, tena alfajiri na magharibi, saa ambazo panya nao hutembea. Huo ndio ulikuwa umri wa Chaki na Wino. Walikuwa katika chuo chao cha ualimu, wakifanya mazoezi ya kufundisha. Mimi nilikuwa nimewafungia darasani bila kitabu wala ubao, kisha nikashangaa kwamba wanaandika ukutani.

Basi tulianza upya, mjukuu wangu na mimi. Fundi alinikatia kipande cha gogo la mnazi, urefu wa mita moja, akakisimamisha juu ya ubao mpana ili kisipinduke. Tulikizungushia kamba ya usumba kutoka chini hadi juu, tukakiweka kando ya kochi lile lile walilolichana, si uani wala pembeni wasipopita mtu. Walikigusa siku ya pili. Baada ya wiki moja kochi lilisahaulika. Kila jioni baada ya magharibi, mjukuu wangu huwavutia kitambaa kilichofungwa kwenye kamba kwa muda wa robo saa, wawinde mpaka wachoke, ndipo wapewe dagaa. Kuwinda, kula, kujilamba, kulala, huo ndio utaratibu wa paka tangu ghala la kwanza. Tangu tuufuate, mbio za alfajiri zimepungua sana.

Mabeseni ya mchanga ni mawili, mbali na chakula, na tunayasafisha kila siku. Boksi zile za sabuni tumezipanga juu ya kabati wapate pa kupanda, kwa maana paka hupenda kutazama nyumba kutoka juu. Chandarua kinakunjwa na kufungwa juu mchana. Waya za redio na simu zimepitishwa nyuma ya makabati. Nyuzi na sindano za kushonea ziko ndani ya kopo lenye kifuniko, kwa sababu uzi ukimezwa unaweza kukata utumbo wa paka, nami nilimwona Wino na uzi mdomoni, nikafikiria kitambaa badala ya kumfikiria yeye. Vidonge vya parasetamoli, ambavyo sisi wazee huviacha mezani, viko ndani ya droo, maana kidonge kimoja chaweza kumuua paka. Walipofikisha umri wa kutosha bwana mifugo aliwachanja dhidi ya kichaa cha mbwa, akawafunga uzazi, ili boksi moja la sabuni lisije likawa maboksi kumi.

Vitambaa vya marehemu nimeviweka kabatini. Watano wazima na mmoja nusu. Niliambiwa kwamba yuko mama hapa mtaani awezaye kukimalizia kile kilichofumuka. Nimeona kibaki vile vile.

Lakini sijalimaliza jambo lililonifanya niandike. Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kijijini, mahali palipolimwa mpunga. Kanuni za serikali za mwaka 1979 zilituruhusu kutumia viboko na kututaka tuviandike kitabuni. Kanuni za mwaka 2002 zilikuja kupunguza idadi hadi isizidi minne. Nilikifuata kitabu kile kwa uaminifu, na nilijivunia kwamba kila adhabu ina tarehe, kosa na saini yangu. Alikuwako kijana wa darasa la tano aliyechelewa kila siku kwa wiki mbili. Nilimweleza kosa lake, kuchelewa, naye akaitikia. Nikampiga viboko vitatu, nikaandika. Siku chache baadaye hakuonekana tena shuleni, na hakurudi.

Miezi ilipita ndipo mwalimu mwenzangu aliponiambia kwamba mama wa kijana yule alikuwa mjane mwenye jaruba moja la mpunga, na mpunga ulikuwa umeanza kukomaa. Ndege hushuka jua linapochomoza. Kijana alikuwa akiinga ndege mpaka mama yake amalize kazi za nyumbani na kufika kumpokea, kisha akakimbia kuja shule. Mimi nilimweleza kosa lake kama nilivyofundishwa chuoni. Nilichokuwa sikufundishwa, au sikusikia, ni kwamba kabla ya kumweleza ningemwuliza ametoka wapi.

Neno hilo kuinga nimelieleza ubaoni mara ngapi! Nilisema ni kufukuza ndege. Na aliyejua kuinga kuliko mimi nilimwinga mwenyewe, akatoka katika nyumba iliyokuwa yake kama ilivyokuwa yangu.

Jioni ile nilimjibu mjukuu wangu, ingawa swali lake lilikuwa limekwisha kulala miezi kadhaa. Nilimwambia kwamba Wino hakuwa na kosa la kuelezwa, na kwamba mwenye kosa ni aliyeacha kitambaa pale na kumwacha paka bila mnazi. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi mwombe radhi." Nikaenda jikoni nikaleta dagaa wawili. Wino aliwala mkononi mwangu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya rula, hakunikimbia.

Kijana wa mwaka 1984, kama yu hai, sasa ni mtu mzima wa miaka zaidi ya 50, na pengine ana wajukuu. Nimewaomba wazee wa kijiji kile waniulizie habari zake. Akipatikana, nitakwenda mimi.